Majibu Yaliyotoka na Anwani ya Zamani

Kila alipotoka shule, Kidole alipitia karakana ya ushonaji ya shangazi yake, akafagia vipande vya vitambaa chini ya cherehani, kisha akafungua barua pepe. Kompyuta ilikuwa kuukuu: kioo cheusi, maandishi matupu, hakuna picha wala kipanya. Mafundi cherehani walimpa jina la Kidole kwa wepesi wake wa kuchapa.

Mwezi ule karakana ilibadilisha anwani ya barua pepe. "Mwanangu," shangazi alimwagiza, "hakikisha majibu yetu pia yanatoka na anwani mpya. Ile ya zamani hakuna anayeifungua. Jiandikie barua, uijibu, uone."

Kidole alibadilisha mpangilio wa barua mpya. Kujaribu kujibu aliona uvivu. Wenzake walimsubiri nje.

"Umejaribu?"

"Nimejaribu, shangazi. Iko sawa."

Hospitali ikauliza bei ya sare za wauguzi. Kidole akajibu. Kimya.

"Au wameamua kujishonea wenyewe?" alitania mama mshona vifungo, waliyemwita mama wa vifungo, na karakana nzima ikacheka.

Kimya kilipozidi, shangazi alipiga simu hospitalini.

"Tuliwakubali, tukawaandikia mara mbili," aliambiwa. "Hamkujibu. Kazi tumewapa wengine."

Fundi wa kompyuta aliitwa, akafungua faili ya mipangilio. "Barua mpya zinatoka na anwani mpya. Majibu yana mpangilio wake, bado yanabeba ya zamani, na hospitali imewaandikia huko. Nani alijaribu kujibu?"

Kidole aliinama. "Sikujaribu."

Fundi aliandika mstari mmoja tu: kila jibu litoke na anwani iliyopokea barua. Kidole alijiandikia barua, akaijibu. Anwani mpya ikatokea. Hata chai ya fundi ilikuwa haijapoa.

Jioni shangazi alimwambia mama wa vifungo asije kesho, kazi hakuna. Mama yule alichukua kopo lake la sindano, akampita Kidole bila utani wowote.

"Nisamehe, shangazi."

"Nimekusamehe. Lakini msamaha wangu haumrudishii kazi. Ungesema hujajaribu, ningekugombeza, ungejaribu, yangekwisha. Uliposema umejaribu, niliacha kuuliza. Mtu akikuamini anaacha kukagua, mwanangu. Ndiyo maana uongo mdogo unafika mbali." Alifunika cherehani. "Kesho nenda kwake, umweleze mwenyewe kwa nini hana kazi. Mimi sitakusemea."