Shemeji Alikunywa Strungi, Sisi Tukanywa Maziwa

Mimi ni mzee wa miaka sabini na kitu, na shule niliiacha darasa la tatu, kwa hivyo mnivumilie. Nikiwa kijana nilibeba magunia kule Magadi. Joto la huko usiombe... hata nzi walitafuta kivuli. Lakini niliona ng'ombe wa Wamaasai wakilamba udongo mweupe, na walinenepa. Nikaweka hiyo kichwani: ng'ombe akilamba udongo, anatafuta chumvi.

Oneni sasa akili hiyo ilinifikisha wapi.

Miaka ya tisini nilipata ploti Kitengela. Tuliishi hapo na mke wangu na mjukuu wetu, Ndanu. Tulikuwa na ng'ombe mmoja, tukamwita Kiveti, yaani mama wa nyumba kwa Kikamba, maana yeye ndiye alitulisha. Muindi, ndugu ya mke wangu, akaniomba kona ya ploti afanyie kazi ya betri kuukuu za magari. Ni shemeji, ningekataaje? Alizipasua kwa shoka, asidi akaimwaga chini, risasi ya ndani, yale madini mazito, akaiyeyusha kwa karai ili auze. Moshi wake ulikaa mdomoni kama umelamba msumari. Jivu aliliacha hapo hapo.

Kiveti akaanza kulilamba. Na mimi, mjinga, nikafurahi!

"Shemeji, ng'ombe amepata chumvi ya bure," nikamwambia.

"Mwache alambe, mzee. Chumvi imemkosea nani?"

Lakini mbuzi zake alizifunga ng'ambo ya barabara. Na akija kwetu, aliitisha strungi, chai bila maziwa. Mke wangu akamtania, "Wewe, maziwa ya dada yako yamekuwa na nini?" Akasema yanamsokota tumbo.

Kiveti akapofuka. Akawa anasaga meno bila kitu mdomoni, anagonga ua kwa kichwa, mpaka akaanguka. Ndanu naye akashikwa na tumbo, na zile herufi alizoandika vizuri zikampotea. Hospitalini wakapima damu yake. Ina risasi, wakasema. Daktari akaniuliza, kwenu kunayeyushwa nini?

Nilimkuta Muindi jikoni kwangu na strungi yake. Nikamwuliza kama alijua.

"Nilijua, shemeji. Huko nilikotoka mbuzi walikufa hivyo hivyo. Ningesema, ungenifukuza."

Alisema hivyo akikoroga sukari... Mtoto wa dada yake alizaa huyu Ndanu, naye Muindi alimtazama akinywa maziwa kikombe baada ya kikombe!

Ninyi mnaosoma, sumu hiyo haiondoki na mvua. Inakaa kwa udongo, inapanda kwa nyasi, inashuka kwa maziwa. Msimpe mtu udongo wenu kwa sababu ya undugu tu. Na mtu akikataa mnachokunywa, msimtanie. Mwulizeni anajua nini.

Ndanu ni mtu mzima sasa, na bado ananiuliza leo ni siku gani, halafu ananiuliza tena. Ile ploti siuzi. Nimwuzie nani uchafu ule?

Siku ile aliyokiri Muindi, nilimbeba Ndanu mgongoni, mke wangu akachukua sufuria na blanketi, tukashika njia ya Isinya kwa miguu.

"Shemeji, mnaacha nyumba wazi," Muindi akaita.

Sikugeuka. Mpaka leo sijarudi.