Moto Niliouwasha Mwenyewe

Kila siku baada ya swala ya alasiri, niliwasha moto.

Kwanza nilimfungua punda wangu kutoka kwenye mkokoteni, nikampa maji. Mimi nauza maji hapa Garissa, mtaa wa nyuma ya soko la mifugo. Kisha nilichukua kiberiti na chupa ya mafuta ya taa, nikaenda mwisho wa kichochoro chetu. Huko ndiko lilikokuwa jaa la taka.

Jaa hilo halikuanguka kutoka mbinguni. Zamani palikuwa na pipa kubwa la chuma. Gari la taka lilikuja kila wiki. Pipa likatoboka, gari likaharibika, wakubwa wakaahidi kuleta jingine. Wameahidi miaka minne. Watu nao waliendelea kumwaga palepale. Maganda ya viazi, pampas za watoto, chupa za soda, nailoni, matumbo ya mbuzi. Lundo likapanda hadi likaupita ua wangu.

Nikasema, kama wao hawana haya, mimi ninayo. Nikawa nachoma. Majirani walipita wakaniombea heri. "Leo nzi wamepungua, Barre," walisema. Nilijiona mtu wa maana katika mtaa.

Kwetu sisi wafugaji, moshi ni usafi. Marehemu mke wangu, Fatumo, alifukiza haan kila asubuhi. Haan ni chombo cha kusukwa cha kuwekea maziwa. Aliwasha kijiti, akakitia ndani, akafunika. Maziwa yakakaa bila kuharibika haraka, na yalinukia vizuri. Nimekua nikijua hivyo. Palipo pachafu, pafukize, patasafika.

Fatumo alifariki miaka mitatu iliyopita. Alikuwa anajifungua, na tuliambiwa gari la wagonjwa halina mafuta. Hilo sijamsamehe mtu. Kichanga naye hakupona, nikabaki na binti yetu mmoja tu, Ilhan. Sasa ana miaka tisa.

Ilhan alianza kukohoa mwaka jana. Mwanzo ilikuwa jioni tu. Baadaye hata asubuhi alipokwenda shule alisimama njiani mara mbili kupumzika. Nilimnunulia dawa ya kikohozi dukani. Nikalilaumu vumbi. Nikawalaumu wakubwa kwa kutoweka lami. Jirani yangu Kadar, anayefuga mbuzi, alisema ni baridi. Baridi, hapa Garissa.

Siku moja ya Jumatano nilirudi kutoka jaani, moto umeshika vizuri. Nikamkuta Ilhan amekaa mlangoni, mikono magotini, mabega yanapanda na kushuka. Kifua kilikuwa kinalia kama filimbi.

"Aabo," aliniita, "hewa haiingii."

Nilitoka mbio. Kwa bahati nilikutana na Saynab. Huyu ni binti wa mtaa wetu, mhudumu wa afya ya jamii. Hutembea nyumba kwa nyumba na mkoba wake mgongoni, na mimi huniita Adeer, yaani ami. Alipiga magoti mbele ya Ilhan, akashika simu yake, akawa anahesabu pumzi kwa dakika nzima.

"Hamsini na moja," alisema. "Mtoto wa umri huu hupumua kama ishirini tu. Adeer Barre, ita bajaji. Usitafute viatu."

Hospitalini walimwekea mtoto wangu hewa ya mtungi na dawa ya kuvuta. Alikaa siku tatu. Siku ya kuondoka, daktari aliniuliza, "Nyumbani kuna moshi?"

"Kuna jaa. Linachomwa."

"Basi nisikilize, mzee. Huyu ana pumu. Akirudi kwenye moshi huo, safari ijayo huenda msifike hapa. Tafuta mahali pengine pa kumweka, au moshi huo uishe."

Mahali pengine sikuwa napo ila kwa dada. Dada yangu Ifrah anaishi Sangailu na mifugo yake. Nilimpandisha Ilhan gari la asubuhi, pamoja na begi lake la shule. Hakulia. Aliniuliza tu, "Nitarudi lini, Aabo?" Nikasema, "Karibuni." Nilikuwa sijui.

Nyumba bila Fatumo niliizoea kwa shida. Bila Ilhan sikuweza hata kuketi ndani.

Kesho yake Saynab alikuja. Kadar alikuwa kwangu, tunakunywa chai. Saynab aliketi, akapokea kikombe, akaniuliza kwa upole:

"Adeer, jaa hilo nani analichoma?"

"Mimi. Kwa sababu wakubwa wako hawaji kulizoa."

"Si wakubwa wangu. Hata mimi posho yangu hawajanilipa. Unachoma kwa nini?"

"Kusafisha. Moshi unaua vijidudu. Ulizaliwa mjini wewe, hujui haan ilivyofukizwa."

"Mama yangu alifukiza," alisema. "Fatumo alitumia nini kufukiza?"

"Kijiti. Mti mzuri."

"Mti wowote?"

"Hapana. Kuna miti ina sumu. Hiyo hata mbuzi hali."

Saynab aliweka kikombe chini. "Angefukiza haan yake kwa kipande cha ndara na chupa ya plastiki, wewe ungeyanywa maziwa yale?"

Kadar ndiye aliyejibu. "Mimi hata mkwe wangu nisingempa, na nina sababu zangu naye."

"Basi maziwa hayo mmeyakataa," Saynab akasema. "Lakini moshi wenyewe mmempa Ilhan kila siku, kifuani. Moshi wa plastiki una sumu. Unachoma kifua. Watoto unawaumiza zaidi kwa sababu mapafu yao bado yanakua. Mama mjamzito unamdhuru, na mtoto aliye tumboni pia. Na majivu yakinyeshewa mvua, sumu inashuka hadi kwenye visima vyetu visivyo na kina. Hujasafisha kitu, Adeer. Umekihamisha tu."

Hasira ilinipanda. Nilimwambia aende akawaambie hayo waheshimiwa waliokula pesa ya pipa. Nikamwambia mke wangu alikufa kwa sababu yao, sasa wananitenga na mwanangu.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kuhusu pipa, una haki. Tutawadai. Lakini kiberiti walikupa wao?"

Sikulala vizuri. Si kwamba alinitukana. Alisema kweli, na kweli yenyewe ilikuwa mfukoni mwangu, pamoja na ufunguo wa nyumba. Asubuhi nilikwenda kwake nikamuuliza, "Sasa tufanye nini?"

Alinionyesha magunia matatu ya taka yaliyotundikwa ukutani kwake. "Taka si kitu kimoja," alisema. "Zikichanganywa ndipo zinakuwa jaa." Gunia la kwanza ni la vinavyooza: maganda, mboga, mabaki ya chakula. Hivyo hufukiwa shimoni kwa tabaka, taka kisha udongo, na baada ya miezi michache vinakuwa mbolea. La pili ni la vinavyouzwa: chupa za plastiki, madebe, vyuma. Wapo wanunuzi sokoni. La tatu ni la vilivyobaki: pampas, nailoni, ndara zilizokatika. Hilo hufungwa, likapelekwa mahali pa kumwaga taka nje ya mji. Betri na wembe huwekwa peke yake kwenye kopo lenye kifuniko.

"Na kuchoma?"

"Hakuna kuchoma."

Tulipita nyumba kwa nyumba. Wanawake walikubali upesi, kwa sababu wao ndio waliobeba watoto wanaokohoa na kuharisha. Ubishi ulitoka kwa Kadar. Mbuzi wake walishinda jaani.

"Warya, Barre," aliniambia mbele ya watu, "mkizoa taka, mbuzi wangu watakula nini? Ahadi za wakubwa? Hebu mtazame Cadey."

Cadey alikuwa mbuzi wake mweupe. Tumbo lake lilikuwa limejaa kama ngoma.

"Mapacha hao," Kadar alisema. "Kwa hisani ya jaa."

Tumekua na mifugo, mimi na Kadar. Mbuzi mwenye mimba tunamjua kwa mwendo tu. Lakini huyu alitudanganya wote. Wiki mbili zikapita, Cadey hazai. Akaacha kula. Akalala ubavu, anasaga meno. Kadar alimchinja kabla hajafa, tukampasua tumbo uani kwangu.

Hapakuwa na mapacha. Palikuwa na donge la nailoni, kubwa kuliko mpira wa miguu, limesokotana na kamba na mkanda wa ndara. Nyasi hazikuwa na pa kupita. Alikuwa anakufa njaa akiwa na tumbo lililojaa.

Kadar alichuchumaa, akaligeuza kwa ncha ya kisu.

"Miezi miwili," alisema, "nimekuwa nikiiombea dua mifuko ya dukani."

Hakuna aliyecheka kabla yake. Alipoanza yeye, tulicheka hadi machozi. Kisha akasimama, akafuta kisu. "Mnaanza lini kuzoa?"

Tulianza Jumamosi, asubuhi kabla ya jua kali. Watu arobaini na watatu. Saynab alikataa mtu kushika taka kwa mikono mitupu. Tulivaa glavu na viatu vya mpira, na asiyekuwa na barakoa alifunga kitambaa puani. Watoto waliambiwa wakae mbali, kwa sababu ya vioo na sindano. Nilileta mapipa yangu ya maji, tukanyunyizia lundo ili majivu yasiruke. Siku hiyo sikuuza hata ndoo moja. Siku iliyofuata pia.

Korongo wakubwa waliokuwa wakitamba juu ya lundo walisogea hatua tatu, wakasimama wakitutazama kama wenye nyumba wanaohamishwa.

Punda wangu alikwenda nje ya mji na kurudi mara ishirini na sita kwa siku nne. Chini kabisa ya lundo tulikuta maji meusi yenye viluwiluwi vya mbu. Tulifukia kwa udongo mkavu. Tukachimba shimo la mbolea pembeni, mbali na kisima. Wakulima wa kandokando ya Tana sasa hutuulizia mbolea hiyo kwa ajili ya miembe na migomba yao.

Barua tuliandika. Mimi niliacha shule darasa la tatu, kwa hiyo Saynab ndiye aliyeandika, mimi nikasema. Alipunguza maneno makali mawili. Matatu aliyaacha. Tuliomba pipa jipya na gari kila wiki, maana kazi hiyo ni haki yetu na si hisani. Watu sitini na mmoja walitia sahihi. Jina langu lilikuwa la kwanza.

Wiki ya tano baada ya kuzoa alikuja ofisa mmoja na mpiga picha. Alisimama mahali palipokuwa na jaa, ambapo sasa pamefagiwa na pamepandwa miarobaini michanga. Alisema ofisi inajivunia kazi hii.

Nilinyoosha mkono. "Mkubwa, mlipoahidi pipa, binti yangu alikuwa na miaka mitano. Sasa ana tisa. Kazi hii ni yetu. Picha piga, lakini gari liko wapi?"

Kadar akaongeza, "Na akisema kesho, tuambie ni kesho ya mwaka gani."

Gari lilikuja Jumanne. Likaja Jumanne iliyofuata. Likikosa, tunakwenda ofisini, wote, na wanawake wanatangulia. Limekosa mara mbili tu. Bado siwaamini wakubwa. Lakini sasa najua kuwadai, na najua pia kwamba nikiwangoja mikono mitupu, mwanangu ndiye atakayelipa.

Siku mtaa ulipotimiza wiki sita bila moshi, Saynab alizunguka nyumba zote kunusa na kuuliza. Kisha akaniambia, "Mpigie Ifrah."

Ilhan aliteremka kwenye gari amekuwa mweusi kwa jua na mrefu kidogo. Saynab alimketisha, akashika simu, akahesabu. Mimi nilihesabu naye kimoyomoyo, nikaogopa kufika thelathini.

"Ishirini," alisema Saynab.

Pumu haijaisha. Dawa yake ya kuvuta iko kwenye begi la shule, na mwalimu anajua pa kuipata. Kliniki tunakwenda kila mwezi. Lakini analala usiku mzima, na shule anafika bila kusimama njiani.

Mwezi uliopita shule yao ilifanya michezo. Daktari alikuwa amemruhusu, mradi avute dawa kwanza. Walipanga wasichana tisa, wakimbie kutoka ukutani hadi golini. Nilikuwa nyuma ya kamba na Kadar. Ilhan alikimbia mdomo wazi, hijabu inapepea, na hakushika kifua hata mara moja.

Alikuwa wa saba.

"Unapiga makofi hivyo kwa wa saba?" Kadar aliniuliza.

"Wewe hesabu pumzi," nilimwambia, "nafasi waachie walimu."