Kilichokuwa Chini ya Nyumba ya Shangazi Oleta

Haya yalimpata shangazi yangu Oleta, huku kwetu kwenye vilima vya Kentucky, Marekani, na mengine niliyaona kwa macho yangu.

Ilikuwa Jumanne ya Januari, shangazi kabandika maharage jikoni. Mumewe, Verlin, alikuwa amekufa kwa saratani ya mapafu mwaka uliotangulia, na maisha yake yote hakuwahi kuvuta sigara. Ndiyo maana muuguzi wa zahanati alimpa shangazi kikopo cha kupimia radoni, gesi inayotoka ardhini, isiyo na rangi wala harufu, nayo huleta saratani hiyo. Kikopo kikae siku tatu kwenye chumba cha chini ya nyumba, kisha kipelekwe maabara. Shangazi alikishusha jioni ile ile.

Asubuhi ya pili kilikutwa kimepondwa bapa.

"Dorsey, umekikanyaga na mabuti yako hayo?" shangazi alimuuliza mwanawe.

"Mimi tena? Labda baba kakasirika umemletea mgeni." Alicheka peke yake.

Cha pili kikapondwa vilevile. Cha tatu Dorsey alikipeleka mwenyewe, saa sita mchana, mimi na shangazi tukimtazama kutoka juu ya ngazi. Alikiweka rafuni. Akageuka.

Kitu kikampiga usoni. Tulisikia pua ikivunjika. Hatukuona mtu. Akainuliwa, akabamizwa ukutani. Tena. Tena. Damu ikaruka hadi kwenye taa.

"Mama, usishuke," alinong'ona.

Shangazi alishuka. Alinyakua sepetu, akapiga hewa tupu, na sepetu ikatua kwenye kitu laini kama nyama. Ikapokonywa. Ikamvunja mkono. Nikashuka mbio, nikamshika Dorsey miguu, nikavuta. Kile kitu nacho kikamvuta upande wa pili. Bega lake likateguka ndipo kikamwachia.

Kilikuwa kikihema kwa shida, kama mgonjwa.

Tulihamia kwangu, ng'ambo ya konde. Siku tatu zilipotimia nilirudi kukichukua kikopo. Kilikuwa kizima. Majibu yalisema radoni imezidi mara kumi kiwango kinachotaka hatua.

"Kumbe mume wangu alikuwa akilala juu ya kilichomuua," shangazi alisema, akaikunja ile barua.

Mafundi wakatoboa sakafu, wakapandisha bomba hadi juu ya paa, wakafunga feni ya kunyonya hewa ya chini. Walipoiwasha, bomba zima lilitikisika, likatoa mlio mrefu, kisha kimya.

"Ni hewa tu, mama," fundi alimwambia shangazi. Hakumtazama.

Vipimo vilivyofuata vilikuwa salama. Shangazi na Dorsey wanaishi humo mpaka leo.

Ila siku ile ya feni theluji ilianguka. Nikielekea nyumbani niligeuka kutazama paa. Kwenye mdomo wa bomba zilianzia nyayo za miguu mitupu. Zilishuka hadi ukingoni, zikaanza tena kondeni. Nilizifuata. Ziliishia ukutani kwangu, kwenye kidirisha cha chumba cha chini.

Za kurudi hazikuwepo.