Vidonge Ndani ya Kopo la Vifungo

Fundi cherehani mmoja aliitwa Kiraka, na jina lilimkaa kama kofia yake. Hakutupa kitu. Kipande cha suti ya mzee kilikuwa mfuko wa kaptula ya mtoto. Majirani walisema hata panya wa nyumba ile walivaa fulana, na hakuna aliyethubutu kuapa kwamba ni uongo.

Mkewe alikaa kwenye kigoda kando ya cherehani, akishona vifungo na kumchokoza.

"Baba, lini nami nitavaa kitambaa kizima? Gauni langu hili limebeba mtaa mzima!"

"Ukivaa kizima, mama, wateja watadhani nimeacha kazi."

Walicheka, na binti yao akacheka nao.

Siku moja sindano ilimchoma Kiraka dole gumba. Likavimba kama kiazi. Daktari akampa antibaiotiki, akamwambia azitumie mpaka ziishe. Uvimbe ulipopungua, Kiraka akaacha kumeza. Vidonge vilivyobaki akavitia kwenye kopo la vifungo.

"Akiba haiozi," akasema.

Mkewe akatikisa kichwa. "Mume wangu, hicho ni kidonge, si kitambaa."

Msimu wa baridi ulipoingia, mke akaanza kukohoa. Kifua kilimbana, homa ikapanda. Binti akataka kumpeleka zahanati.

"Foleni ya nini, na dawa tunayo?" Kiraka akauliza, huku akitikisa kopo.

Mkewe akameza, kwa kuwa alimwamini. Homa ikashuka kidogo, na Kiraka akajigamba mbele ya wateja: "Mama watoto nimemtia kiraka, amekaa sawa!"

Homa ikarudi, na vidonge vikaisha. Walipomfikisha hospitali, hakuweza tena kumaliza sentensi. Madaktari walijitahidi, lakini mapafu yalikuwa yameshalemewa.

Alizikwa kwa sanda nyeupe isiyo na mshono. Kilikuwa kitambaa kizima cha kwanza alichowahi kupewa na mumewe.

Tangu siku hiyo cherehani ilishona bila hadithi. Kigoda hakuna aliyekikalia.

Kisha binti naye akaanza kukohoa na kutetemeka kwa homa. Jirani yao muuguzi alipokuja kuchukua sare yake, alimkuta Kiraka ameinamia lile kopo. Chini ya vifungo kulikuwa na vidonge vingine, vya zamani, ambavyo hata hakukumbuka vilitibu nini.

"Shemeji, unatafuta nini humo?"

"Mkono tu, dada. Umezoea." Akaliweka kopo chini kama limemuunguza. "Niambie kweli. Mimi ndiye niliyemuua?"

Muuguzi akachuchumaa karibu naye.

"Kama angepona, sijui. Hakuna ajuaye. Ninachojua, ugonjwa ulipata nafasi huku ninyi mkidhani unatibiwa. Dawa ya dole gumba lako haikijui kifua cha mkeo. Na hata ingekuwa ndiyo yenyewe, nusu dozi si dozi."

Kiraka alijifuta macho kwa kipande cha kitambaa.

"Sasa inuka," muuguzi akasema. "Kulia utalia njiani. Mtoto anakwenda zahanati leo."

Daktari alimpima binti, akasikiliza kifua, akauliza kama kuna dawa inayomdhuru na kama anatumia dawa nyingine. Akaona ni nimonia, akampa antibaiotiki. Jioni muuguzi alipita kuwaona.

"Si kila kikohozi kinatibiwa hivi," akasema. "Mafua ya kawaida hayasikii antibaiotiki. Ndiyo maana mtu anapimwa kwanza. Wewe binti, meza kwa saa ulizoambiwa, na uangalie kama ni pamoja na chakula au kabla."

"Nikisahau, shangazi?"

"Meza ukikumbuka. Ila kama saa ya kidonge kinachofuata imekaribia, acha kile ulichosahau. Usimeze viwili kwa pamoja kufidia. Ukiona vipele, au midomo ikivimba, au pumzi ikibana, usimeze tena. Kimbia hospitali."

"Na akipata nafuu?" Kiraka akauliza kwa sauti ndogo.

"Anaendelea mpaka amalize, shemeji, isipokuwa daktari aseme vingine. Nafuu si kupona. Vijidudu vilivyosalia vinaweza kumrudia upya, na safari hiyo dawa ikashindwa. Na vile vya kwenye kopo nipe. Nitavirudisha duka la dawa vikaharibiwe."

Kiraka akamimina kopo mezani. Vidonge akampa. Vifungo akavirudisha kimoja kimoja.

Homa ya binti ilishuka. Akaanza kula, akaanza hata kumtania baba yake. Mkono wa Kiraka ulitaka kusema, "Vilivyobaki tuweke." Badala yake ulimpa maji ya kumezea, kila mara, mpaka pakiti ikabaki tupu.

Binti alipopona kabisa, Kiraka akamkatia gauni kutoka kitambaa kizima, cha buluu. Binti akakusanya vipande vilivyoanguka sakafuni.

"Baba, hivi nivitupe?"

"Viweke, mwanangu. Kitambaa hakijawahi kuua mtu."

Akakigeukia kigoda cha mkewe, akasubiri kuchekwa. Kisha akakanyaga cherehani, akaendelea kushona.