Handaki Lililoachwa Wazi

Nyasi alizotandika ndani ya handaki zilikuwa zimelaliwa. Afande Simiyu alisimama ukingoni na jembe begani, akaguna. Mtu alikuwa amejinyoosha pale chali, na hakuwa ameondoka zamani, maana Simiyu alipoweka kiganja chini aliukuta udongo una joto la mwili.

"Walevi hawa," alisema, akaenda kulima. Huyo ndiye Simiyu, kila jambo alikuwa na jibu lake tayari, na jibu lenyewe lilikuwa la hasira.

Alikuwa amestaafu jeshini na goti bovu na usingizi wa kushtukashtuka, akanunua kipande cha uwanda ng'ambo ya Ruai, kando ya Barabara ya Kangundo, kwa sababu kule Somalia kila askari aliota shamba. Hakuna aliyewaambia kwamba udongo mweusi wa uwanda ule ukinyeshewa unang'ang'ania gambuti, na ukikauka unapasuka kama kisigino. Mahindi yalidumaa. Kunde zilipochanua, mbuzi wa watu wakazimaliza, na mwenye mbuzi akamtolea matusi juu.

Halafu kulikuwa na ule uwazi. Vitani, mtu aliyesimama wima mahali pasipo mti wala ukuta alikuwa anaiita risasi. Kwa hiyo kabla ya kupanda hata punje moja alichimba handaki la kulala mtu mmoja, kwa kipimo chake mwenyewe, na jua lilipokuwa kali alijilaza humo na kula viazi vyake kwa amani.

Mkewe Lorine alipoliona mara ya kwanza alishika kinywa.

"Baba Celine, hii ni kaburi."

"Ni handaki."

"Kwetu kule nyumbani hii ni kaburi, na kaburi haiachwangi wazi. Ifunike, tafadhali."

"Nimelala kwa mahandaki miaka mingi. Nilikufa?"

Lorine alijifunga leso upya, akaelekea barabarani. Tangu mumewe arudi kutoka vitani alikuwa amejifunza kutojibu, na kicheko chake, ambacho zamani majirani wa Komarock walikisikia ukutani, kilikuwa kimekauka kabisa.

Baada ya nyasi zile kulaliwa, ikaja harufu. Ubani, katikati ya uwanda ambao hauna nyumba. Kisha kikohozi kikavu, cha mtu anayetaka ujue yupo, kikitoka shimoni jua likiwa utosini. Simiyu alikwenda mbio na panga, akakuta nyasi tu, na alama ya mabega iliyozama kuliko jana.

Siku hiyo hiyo simu ililia. Alikuwa Nthenya, jirani yao wa mlango wa pili, akinong'ona kana kwamba kuna mtu anayemsikiliza.

"Afande, njoo nyumbani. Mama Celine amelala kwa sakafu, amenyooka, mikono kando. Mwili ni baridi. Na mdomo wake uko na mchanga."

Alipofika, Lorine alikuwa ameketi akinywa uji, hakumbuki lolote. Nywele zake zilinuka ubani. Kesho yake mchana akalala tena, na kesho kutwa, na kila mara alikawia zaidi kuamka. Hospitalini walimpima damu, wakampa vidonge vya kuongeza nguvu. Simiyu aliwafokea wauguzi, akamfokea mlinzi wa geti, akarudi shambani na kulifukia lile handaki kwa sepeto huku akilaani, mpaka viganja vikatoka malengelenge.

Asubuhi lilikuwa wazi. Udongo wote ulikuwa umerundikwa kando vizuri, bila alama ya sepeto wala jembe, ila mikwaruzo ya vidole virefu. Akashuka ajilaze ndani, apime tu, moyo ukimwambia asifanye hivyo, na miguu yake haikuenea, magoti yalibaki yamekunjwa na kisogo kikagusa ukuta wa udongo, kwa sababu shimo alilolichimba kwa kipimo chake lilikuwa limefupika na kuwa jembamba kiunoni, na hakuhitaji kufikiri lilikuwa kipimo cha nani, maana alikuwa amelala kando ya kipimo hicho tangu ujana wake.

Alikwenda Pipeline, kwa senge Nabiswa, dada ya marehemu baba yake, aliyeishi ghorofa ya juu kabisa na kuuza nguo za mitumba. Senge alimsikiliza huku akikunja blauzi, kisha akaacha kukunja.

"Wewe mtoto ya kaka yangu, ulichimba shimo ya mtu kulala, ukawacha wazi, na bibi yako akakuambia?"

"Senge, nisaidie. Usinigombeze."

"Nitakugombeza nikikusaidia. Hiyo si mzimu. Mzimu iko na kwao. Hiyo ni jini ya uwanda, haina nyumba, haina jina. Wewe umeijengea nyumba. Sasa inangoja uiletee mtu."

"Nilifukia."

"Udongo si chakula. Kata mgomba, ufunike na shuka, uzike kama mtu. Uupe jina, na uulilie. Bila jina ni takataka tu. Tafuta jina ya mtu asiye na kaburi. Na unisikie vizuri, si ya mtu aliye hai, kwa sababu jina ikishaingia humo si yake tena. Ni ya huyo aliye ndani."

Simiyu alipanga wafu wake wote kichwani. Kila rafiki aliyempoteza alirudishwa kwa jeneza lenye bendera, na kila mmoja ana kaburi kwao. Basi akatunga jina la askari ambaye hakuwahi kuzaliwa, akauzika mgomba, akajaribu kulia. Machozi yalikataa. Alipiga yowe la uongo, likamrudia kutoka uwandani likiwa na dharau.

Asubuhi mgomba ulikuwa umelazwa ukingoni, shuka imekunjwa vizuri kando yake. Na kabla jua halijafika utosini Nthenya akapiga simu, analia, akisema Mama Celine hapumui vizuri, na kucha zake zimeingia udongo mweusi.

Hapo Simiyu akachoka. Alichoka na uwanda, na mbuzi, na goti, na kuamka akishika bunduki isiyokuwepo, na alichoka zaidi na kuwa mtu ambaye mkewe humjibu kwa kunyamaza, na kile kikohozi kikavu kikasikika tena, karibu na sikio lake safari hii, kikisubiri kwa adabu, na harufu ya ubani ikamjaa kooni, naye akautupa mgomba shimoni, akapiga magoti na kusema kwa sauti iliyokatika, "Huyu ni Simiyu. Nimemzika Simiyu. Mwachie Lorine." Na sasa machozi yakaja yenyewe, mengi, ya miaka yote, akalia huku akifukia mpaka mwisho.

Udongo ulitulia. Harufu ikaisha. Simu ya Nthenya ikaingia, naye alikuwa akicheka na kulia. Mama Celine ameamka, amesema ana njaa.

Simiyu alifika Komarock jioni. Kutoka ngazini alisikia kicheko cha Lorine, kile cha zamani, cha kupita ukutani, akafurahi mpaka goti likasahau kuuma. Alibisha. Lorine alifungua, ana afya, mashavu yanang'aa. Nyuma yake, mezani, mwanamume mwenye mabega ya Simiyu alikuwa ameupa mlango mgongo, akila kwa utulivu.

"Karibu, mzee," Lorine akasema. "Unatafuta nani?"

Alifungua kinywa amwambie jina lake. Alilitafuta mdomoni, akalitafuta kichwani, hakulipata.

"Baba Celine," Lorine aliita, hofu kidogo ikimwingia, "kuna mtu hapa hata haongei. Analia tu."

"Maskini. Mpe maji, mama," yule akajibu kwa upole ambao Simiyu hakuwahi kumpa mkewe tangu arudi. "Halafu ufunge."

Lakini yule mwanamume alikuja kufunga mwenyewe. Mlango ukaja taratibu, na kwa ndani komeo likasukumwa na mkono uliojua kwamba linakwama katikati na lazima liinuliwe kidogo.