Uso kwenye Dhahabu ya Kaisari

Sarafu ya kwanza ilitoka ikinuka nywele zilizoungua. Epagato aliipuliza, akaisugua kwenye nguo yake, harufu ikabaki palepale. Wenzake wa karakana ya sarafu pale Roma walimjua kwa mdomo, lakini asubuhi hiyo hakumtania mtu.

Alikuwa amechonga kwenye muhuri wa chuma jina la Kaisari mpya na vyeo vyake vyote, kuzunguka sura ya kichwa chake. Kwenye dhahabu yalisomeka maneno mengine: STASIMO HAKUIBA.

Stasimo alikuwa mchongaji mkuu, na ndiye aliyemfundisha kazi. Miezi miwili nyuma Epagato alitia chembe za dhahabu kwenye kiatu cha mzee huyo, kisha akaenda kumchongea kwa msimamizi. Mzee alichapwa hadi akafa. Epagato alikitaka kile kiti chake, na akakikalia bila haya.

Akaiyeyusha sarafu ile, akagonga nyingine. Maneno yakawa yale yale. Na kesho yake adhuhuri dhahabu ya kuwagawia askari ilitakiwa. Jina lisilo la Kaisari lingemkatisha kichwa.

Nyumbani alivua viatu, akajaza maharage meusi mdomoni, akawa anayatema nyuma yake moja moja bila kugeuka, akisema mara tisa, "Kwa haya najikomboa," kama baba yake alivyowafukuza mizimu. Mara akasikia nyuma yake ufizi usio na meno ukitafuna polepole, kisha kimya, kisha maharage yakaanza kumpiga kisogoni, moja moja, yakiwa yamelowa.

"Hayataki," mkewe Trifena alinong'ona. "Nenda kwa msimamizi ukamsafishe jina mzee wa watu."

"Nikisema nitachapwa mimi."

"Usiposema, atasema yeye."

Hakwenda. Kulipokucha aliukwangua muhuri, akauchonga upya, sura na maandishi, huku pumzi baridi ikimpanda shingoni na vidole asivyoviona vikimshika mkono, vikiuongoza kwa upole ule ule wa zamani, wakati anafundishwa, mpaka jasho likamtiririka machoni akawa anachonga kwa kupapasa. Lakini maandishi yalitoka sawasawa. Aliyasoma mara tatu, herufi kwa herufi. Harufu ilikuwa imekwisha. Akacheka peke yake, akagonga dhahabu hadi mfuko ukajaa.

Msimamizi, Kasiano, aliipeleka sarafu moja dirishani, akasoma jina na vyeo kwa sauti, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Halafu akaitazama tena. Akachukua ya pili, na ya tatu. Akawaashiria walinzi wafunge mlango.

"Geuza uso, Epagato. Tukuone upande."

Epagato aligeuka. Kasiano akaileta sarafu karibu na shavu lake, akalinganisha pua na pua, kidevu na kidevu.

"Kumbe Kaisari ni wewe," alisema taratibu.

Walinzi walipomkamata mikono, ndani ya karakana iliyokuwa tupu nyundo iligonga sarafu nyingine.