Jibu la Jumanne

Saa nne asubuhi, ofisi ya vifurushi si mahali mtu anakwenda kutafuta mchumba. Foleni ilikuwa imefika mlangoni, feni haifanyi kazi, na kila mmoja ana lake la kumfokea karani. Mwanamke wa pili kutoka mbele alikuwa fundi wa maabara, mwenye blauzi nyeupe iliyopigwa pasi na viatu bapa, aliyefuata boksi la dawa za kupimia. Yeye hakumfokea mtu. Tangu uchumba wake uvunjike miaka mitatu nyuma hakuwa na haraka, hakuwa na hasira, hakuwa na hamu. Alikuwa kama mtu aliyechomwa sindano ya ganzi kwa daktari wa meno, akasahau kubaki ang'olewe jino.

Mbele yake alisimama mwanamume mmoja, chini buti za mpira hadi magotini, juu koti la suti. Sijui alitaka kumdanganya nani. Ndoo yake ilikuwa inavuja hadi kwenye viatu vya watu.

"Kaka, kitu kinachodondosha maji hatusafirishi," alisema karani.

"Ni chaza, dada yangu. Wako hai. Unataka wajizuie?"

"Nataka uondoke na ndoo yako."

Fundi aliinama akasoma anwani iliyobandikwa kwenye kifuniko. Ilikuwa ya kazini kwake.

"Nipe mimi," akasema.

"Wewe ni nani?"

"Mimi ndiye ninayefungua hizo ndoo. Ukizituma kwa gari zinafika zimeoza, na mimi ndiye ninayetapika."

Mwanamume akamtazama kuanzia viatu hadi nywele, bila kujificha hata kidogo. "Basi leo nimeamkia mkono wa kulia," akasema. Foleni nzima ikacheka, na karani akawafukuza wote wawili.

Njiani mwanamume aliibeba ndoo mwenyewe na kumweleza shida yake. Alikuwa mkulima wa chaza, wale wa gamba wanaoliwa, katika ghuba ndogo ambamo wakulima wengine wanne walitumia maji yale yale. Shamba lilianzishwa na mama yake. Kwa miaka ishirini na miwili mama huyo amekuwa akichagua, kila baada ya msimu wa joto, wale chaza waliobaki hai, na kuwafanya wazazi wa kizazi kinachofuata. Chaza wazazi hao hawapatikani kwingine kokote. Na sasa magamba yao yalikuwa yameingia vitundu, na ndani ya kila kitundu kuna mnyoo mwembamba kama uzi.

"Kuna mnyoo wa hapa hapa," fundi alimwambia, "anakwaruza gamba tu, chaza anaendelea na maisha. Na kuna mgeni. Huyo anatoboa mpaka ndani, chaza anakufa, na watoto wa mnyoo huyo wanaelea kwenda kwa jirani. Wanafanana kila kitu, hata chini ya hadubini."

"Sasa nyinyi mnawajuaje?"

"Tunasoma vinasaba vyao. Kwa macho huwezi. Nadhani hata wao wenyewe hawajijui."

Fundi alishtuka kujisikia amefanya mzaha. Mwanamume alicheka mpaka ndoo ikamwagika.

Basi simu zikaanza. Asubuhi mwanamume aliuliza chaza wake wameamkaje, mchana aliuliza yeye amekula nini, jioni hakuwa na la kuuliza na alipiga hivyo hivyo.

"Mtaalamu wangu, hujambo?"

"Mimi si wako, na mnyoo wako bado hajasema kitu."

"Mwambie achukue muda wake. Akimaliza haraka nitakosa kisingizio."

Wiki ya pili walikaa kwenye ukuta wa bandari ndogo, fundi na gauni la kijani alilolinunua zamani na kulitundika tu. Mwanamume alimshika mkono, na ule mkono ukasikia. Nasema ukasikia, kwa sababu miaka mitatu ulikuwa unashika mswaki na pipeti ya kudondoshea dawa tu. Alirudi nyumbani anaogopa, maana mtu aliyezoea ganzi akianza kupona huumia kwanza.

Jumatatu alikuwa anapima. Vichupa kumi na viwili, kila kimoja na kipande cha mnyoo mmoja kutoka kwenye ile ndoo, na pembeni kichupa kimoja cha yule mgeni mharibifu anayejulikana, ambacho huwekwa kila mara kwa ajili ya kulinganisha. Simu ikaita. Akaweka pipeti chini.

"Nimekuota," ilisema sauti.

"Uongo."

"Umevaa gauni lile la kijani, unanifokea."

"Hiyo haikuwa ndoto, hayo ni maono. Kwaheri, nina kazi."

Akarudi kwenye vichupa anatabasamu, akaendelea alipoachia, au alipodhani ameachia.

Jumanne majibu yakatoka. Vichupa kumi na kimoja vilikuwa na mnyoo wa kawaida, yule wa hapa hapa. Cha saba kilikuwa na mgeni.

Sheria ya maabara ile iliandikwa ukutani na mkuu wake, mama mmoja asiye na utani: jibu halitoki mpaka lirudiwe kwa sampuli mpya. Yaani wiki mbili nyingine. Simu ilipoita, fundi alijaribu.

"Subiri. Nikirudia nitakwambia."

"Sauti yako imebadilika. Kuna kitu."

"Nimesema subiri."

"Mpenzi, majirani zangu wana watoto wanaokula kwa chaza wao. Kama ninafuga kitu kinachowaua, siwezi kukaa wiki mbili nawasalimia tu. Niambie, nijue moja. Nakuomba."

Alikuwa hajawahi kumwita mpenzi. Mwanamke akamwambia.

Kesho yake mwanamume alimweleza mama yake, na mama hakulia. Alisema neno moja tu, "Watoe." Wakavitoa vikapu vyote majini, wakawaanika chaza kwenye sakafu ya saruji, wadogo kwa wazazi. Walichukua siku mbili kufa. Majirani walikuja kumshukuru, mmoja mmoja, wamevua kofia.

Sampuli mpya zilitoka kwa chaza waliobaki kwenye ile ndoo, maabara. Wiki mbili zilipoisha, fundi akasoma majibu, akayasoma tena, kisha akakaa kwenye kigoda. Minyoo yote ilikuwa ya kawaida. Alipima upya kichupa cha saba chenyewe kutoka kwenye kipande kilichobaki cha mnyoo yule yule, na huyo naye alikuwa wa kawaida. Tone lilivuka kutoka kichupa cha kulinganishia, Jumatatu ile, kwenye ncha ya pipeti aliyosahau kuibadilisha.

Mkuu wa maabara alimfokea nusu saa. Yeye alisikia maneno yote na hayakumgusa hata moja. Alinawa mikono, akafunga kabati. Alikula mkate aliokuja nao, na ulikuwa hauna ladha. Jioni simu iliita mara nne, jina la mwanamume likimulika, naye aliiangalia tu. Siku ya tatu haikuita tena. Mwanamume, kwa upande wake, alijua kabisa maana yake: shamba limekwisha, na mwanamke naye amekwenda zake. Hakukasirika. Alilala, akaamka, akalala.

Siku ya tano fundi alipanda gari akaenda shambani kwao. Blauzi ilikuwa na mikunjo. Aliwakuta uani, mama na mwanawe, wamekalia ndoo zilizopinduliwa, wanasugua vikapu vitupu. Hakukaribia sana.

"Shikamoo mama. Mimi ndiye niliyepima minyoo yenu."

"Marahaba. Nimeambiwa juu yako."

"Lile jibu lilikuwa kosa. Kosa langu, kwa mkono wangu. Nimerudia yote. Chaza wenu walikuwa wazima."

Brashi ya mama ilisimama. "Wote?"

"Wote, mama."

"Na wazazi?"

"Na wazazi."

Mama aliinuka polepole, akajipangusa mikono kwenye kanga. "Wengine wangetuma barua," akasema, akaingia ndani. Mlango haukubamizwa, ulifungwa tu. Mwanawe aliendelea kusugua.

"Sema kitu," fundi alimwambia. "Nitukane."

"Natafuta tusi, silioni. Natafuta hasira, siioni. Nimekaa tu hivi, tangu siku ile."

"Naijua hali hiyo. Nilikaa nayo miaka mitatu."

"Ilikutokaje?"

"Wewe ndiye uliyeitoa."

Mwanamume akaweka brashi chini. Akamtazama kwa mara ya kwanza.

"Uliniambia nisubiri," akasema. "Mimi ndiye niliyekubembeleza. Na kuwaanika niliwaanika kwa mikono hii, hukuwepo."

"Usinisaidie kubeba. Sheria ilikuwa yangu kuifuata, nikaivunja kwa sababu nakupenda. Halafu nikaogopa kupokea simu zako. Hilo nalo ni langu."

"Nilidhani umeondoka."

"Nilikuwa sijui nije na uso gani."

Maji yalichuruzika kutoka kwenye kikapu.

"Umenisamehe?"

Mwanamume alifikiri kweli, hakujibu kwa adabu. "Bado."

Mwanamke akaitikia kwa kichwa kwamba ameelewa. Akajiweka sawa mkoba begani, akageuka.

"Unakwenda wapi?"

"Umesema bado."

"Nimesema sijakusamehe. Sijasema uende." Akaisukuma kwa mguu ndoo ya mama yake, ile iliyopinduliwa. "Kaa."

Akakaa. Alikunja mikono ya blauzi, akaokota brashi ya mama, akavuta kikapu. Walisugua pamoja. Kwenye kikapu cha tatu mwanamume akaanza kulia, kwa sauti, kilio cha mtu mzima kisicho na haya, mabega yanatikisika. Fundi hakumwambia anyamaze. Alisogeza ndoo yake mpaka magoti yao yakagusana, akaendelea kusugua, na yeye machozi yanamdondokea kwenye povu. Mlango ukafunguliwa, mama akatoka na ndoo ya tatu, akaipindua, akakaa nao.